Mzee Ambindwile na Vifurushi Kumi na Saba

Leo, Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Mzee Ambindwile Mwasandube anastaafu baada ya kuutumikia Umoja wetu wa Wafugaji kwa miaka ishirini na nne kasoro siku mbili. Hizo siku mbili ameagiza mwenyewe ziandikwe. Meneja wetu, Bi. Elina, alitaka tuandike miaka ishirini na nne kamili ili ikae vizuri juu ya keki, lakini Mzee alisema aliajiriwa tarehe mbili Julai na kumbukumbu haziandikwi ili zipendeze. Kwa hiyo keki imeandikwa "Hongera" tu, na nafasi iliyobaki imejazwa maua ya sukari.

Wasifu huu umeandikwa na Hellen wa mapokezi, ambaye meza yake imetazamana na ya Mzee kwa miaka kumi na minne. Aliombwa ukurasa mmoja. Wenye njaa wanaruhusiwa kufunua moja kwa moja hadi ratiba ya chakula, ila wajue kwamba Hellen atawaona.

Mzee alizaliwa Isongole, katika familia ya viazi, mahindi na ng'ombe wawili. Alipoajiriwa kituoni kwetu hapa Msasani, mjini Tukuyu, cheo chake kilikuwa mtunza mtungi. Mtungi wenyewe ni ule wa naitrojeni, wenye baridi kuliko Julai ya Isongole, ambamo hukaa mirija ya mbegu za madume bora. Wahimilishaji wetu huchukua mirija hiyo asubuhi na kwenda kuwapandisha ng'ombe wa wanachama huko vijijini, bila dume mwenyewe kutoka nyumbani kwake. Kazi ya Mzee ilikuwa kuhakikisha mtungi umejaa, kifuniko kimefungwa, na wageni wa heshima hawaingizi vidole kujaribu baridi. Aliifanya kwa miaka mitatu na vidole vyote vya wageni viliondoka salama.

Kilichombadilisha ni aibu ya mwaka 2004. Dume mmoja aitwaye Kaizari alipendwa na kila mfugaji, mbegu zake zikatumika mpaka zikaanza kukutana na binti zake mwenyewe, kisha wajukuu. Madaftari ya kumbukumbu yalikuwepo, ila yalikuwa tisa na hakuna lililojua la mwenzake. Ndama wakazaliwa wadogo, wengine hawana nguvu hata ya kunyonya. Sasa sisi ni watu ambao kwetu mkwe humkwepa baba mkwe hata njiani. Akimwona kwa mbali huingia migombani na kungoja apite, mvua inyeshe isinyeshe. Mzee aliona ng'ombe wetu wamekosa adabu hiyo kwa uzembe wa ofisi, na mwandishi wa madaftari hayo, pamoja na kutunza mtungi, alikuwa yeye. Wanasema alikaa wiki nzima bila kumtania mtu.

Kituo kilikuwa na kompyuta moja, iliyoachwa na daktari wa mifugo aliyekuja kujitolea, pamoja na kitabu kinene cha kufundisha lugha ya kompyuta iitwayo Python. Mzee alikisoma kwa kamusi. Mara ya kwanza hakuelewa, mara ya pili alielewa picha, mara ya tatu akaanza kubishana nacho. Programu yake ya kwanza ilikuwa ya mstari mmoja, na kazi yake yote ilikuwa kuandika "Habari za asubuhi" kwenye kioo. Aliita ofisi nzima ije kuona. Mlinzi wetu wa wakati huo, Jotham, aliitazama ile kompyuta, akavua kofia, akaijibu kwamba ni nzuri, ila goti linamsumbua.

Mwaka 2006 programu ya kumbukumbu za ng'ombe ilianza kazi. Mzee aliigawa katika vifurushi kumi na saba, yaani mafungu ya maagizo, kila fungu na kazi yake na jina lake. Mkwe alichunguza ukoo ili dume asikutane na damu yake. Mkunga alihesabu siku za mimba. Tarishi aliwatumia wafugaji ujumbe wa simu. Mgawaji aligawa mirija kwa wahimilishaji. Safari alipanga orodha ya asubuhi. Hao wengine kumi na wawili nao walikuwa na majina yao na vituko vyao. Mgeni akiingia mapokezi na kusikia kwamba Mkunga amegoma na Tarishi anasema uongo, alidhani tuna wafanyakazi wengi na nidhamu ndogo.

Hiyo orodha ya asubuhi inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Ng'ombe akiingia kwenye joto hangoji mtu. Mfugaji akiona dalili jioni, alfajiri anapiga simu mapokezi, Hellen anaandika, Mzee anachapa orodha, na wahimilishaji wanapanda pikipiki: Muddy anaelekea Kiwira, Ezron anaelekea Isongole. Kila mmoja anaanza na jina la juu na kushuka. Aliye juu hufikiwa ng'ombe akiwa bado tayari. Aliye chini mara nyingi hufikiwa joto limekwisha, naye hungoja wiki tatu nyingine. Kwa mwenye ng'ombe kumi hilo ni usumbufu. Kwa mwenye ng'ombe mmoja ni maziwa ya nyumba nzima yanayosogezwa mbele.

Mfumo wa Mzee ulipata sifa. Wageni walikuja kuuona, na mmoja alimkabidhi cheti chenye fremu, akimsifu kwa kuwatanguliza wafugaji wanyonge kwenye orodha. Mzee alipokea, akainama, akashukuru. Baadaye alimwambia Hellen kwamba wageni huwa na maneno mazuri hata wasipojua wanachosifia. Cheti kilitundikwa juu ya mtungi, mahali ambapo kila mtu angekiona.

Sasa tufike kwenye jambo lililotukosesha usingizi mwaka huu. Lugha aliyoitumia Mzee ilikuwa toleo la pili. Waliolitengeneza walitangaza kwamba kuanzia Januari 2020 hawatalihudumia tena, watu wote wahamie toleo la tatu. Tangazo hilo lilizunguka dunia nzima likaifikia Tukuyu Januari 2025, siku ambayo kompyuta yetu ya zamani ilianza kukoroma. Toleo la pili lilikuwa limestaafu miaka mitano kabla ya Mzee, na hakuna aliyelikatia keki. Kompyuta mpya zilipokuja zilikuwa zinajua toleo la tatu peke yake. Zilipowekewa programu ya Mzee ziliitazama kama karani anavyotazama fomu iliyojazwa kwa penseli.

Bi. Elina aliweka mambo wazi kwenye kikao. Mtu pekee anayeielewa programu hii anaondoka mwisho wa Juni. Kama vifurushi vyote kumi na saba havitakuwa vimehamia toleo la tatu kufikia siku hiyo, Umoja utachukua programu iliyo tayari kutoka Dar es Salaam. Hiyo ya Dar ilikuwa na rangi nzuri na picha ya ng'ombe anayecheka, lakini haikuweza kupokea kumbukumbu zetu za zamani. Ng'ombe elfu kumi na moja na mia nne na sitini wangeanza upya, hawana mama, hawana bibi, na Kaizari mwingine angeanza kuzungukia binti zake bila mtu kujua. Mzee alisikiliza, akakunja miwani, akasema hawezi kuondoka huku ng'ombe wote wa Rungwe wamekuwa yatima. Hakuwa anatania.

Aliyepewa kufanya naye kazi hiyo ni Yusra Ali, fundi wetu mpya wa mifumo, ambaye kabla ya kuja kwetu aliendesha duka lake la kompyuta na uchapaji hapahapa Msasani kwa miaka tisa. Yusra ni mtu wa kupanga vitu. Alipofungua kifurushi cha kwanza na kukuta Mzee ameandika maelezo yake nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kinyakyusa, na sehemu moja ameandika kwamba hapa pasiguswe, panauma, aliomba chai kwanza.

Toleo la pili liliiacha amri ya kuandika isimame yenyewe. Toleo la tatu linataka kila kinachoandikwa kifungiwe kwenye mabano. Katika vifurushi kumi na saba amri hiyo ilikuwa mahali elfu moja mia tisa na kumi na nne. Yusra alisema kuna njia ya kuiagiza kompyuta iweke mabano yenyewe. Mzee alisema hawezi kumkabidhi mgeni ng'ombe wake. Akachapa programu yote, kurasa mia mbili na kumi na mbili, akanunua kalamu nyekundu, na Machi nzima, mvua ya Tukuyu ikigonga bati kama inadai kuingia, alikaa dirishani akitia mabano kwa mkono. Yusra alimaliza ya kwake kwa mchana mmoja. Walipolinganisha, kompyuta ilikuwa imeruka mawili. Mzee aliyaonyesha yale mawili kwa kila aliyepita, pamoja na dereva wa gari la naitrojeni na mama wa maandazi, na kwa wiki nzima hakuvumilika.

Aprili tulimpokea Mgawaji katika toleo la tatu. Asubuhi ya kwanza ilikuwa na mirija saba ya dume mmoja na wahimilishaji wawili. Toleo la pili lilikuwa likigawanya saba kwa mbili linapata tatu, na mmoja unaobaki unalala mtungini kwa dharura. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka yote, tukidhani ni busara ya Mzee. Toleo la tatu halina siri, liligawa mitatu na nusu kwa kila mmoja na kuchapa. Ezron, ambaye hajawahi kupinga karatasi iliyopigwa muhuri, alikwenda kwenye mtungi na wembe. Muddy alimshika mkono akauliza nani anachukua upande wenye mbegu. Wakabishana mpaka Hellen akaenda kumwita Mzee, na Mzee akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, kisha akainuka kwenda kurekebisha.

Mkunga naye alikuwa na lake. Mimba ya ng'ombe ni siku mia mbili themanini na tatu, na Mkunga wa zamani aliwaambia wafugaji ni wiki arobaini, basi. Mkunga mpya alimpa Tarishi hesabu kamili, na Tarishi, ambaye hana akili ya kukataa mzigo, akaituma. Mzee Hosea wa Kiwira alipata ujumbe kwamba ng'ombe wake atazaa baada ya wiki 40.42857142857143. Arobaini aliielewa. Hizo nyingine akaamua ni namba ya simu ya daktari wa zamu. Aliipiga siku tatu mfululizo. Siku ya nne alipanda gari hadi Tukuyu kulalamika mapokezi kwamba daktari wenu hapatikani, na kwamba hata namba yenyewe ni ndefu mno, mtu anaweza kufa kabla hajamaliza kuibonyeza. Mzee alimwomba radhi, akamnunulia chai, akamweleza habari ya desimali. Mzee Hosea alisikiliza yote kwa makini, akasema sawa, ila na hiyo desimali nayo iwe inapokea simu.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, kifurushi baada ya kifurushi, kicheko baada ya fedheha. Kufikia Ijumaa ya tarehe 20 Juni, vifurushi kumi na sita vilikuwa vimehamia salama, kumbukumbu zote zikiwa ndani yake. Kilibaki kimoja tu, Safari, kile cha orodha ya asubuhi. Mzee alikiacha mwisho kwa sababu kilikuwa kifupi kuliko vyote.

Jumatatu iliyofuata Safari alikataa kuamka. Mzee akampa majina ya asubuhi, akatoa kosa. Akampa ya jana yake, kosa. Yusra alisoma maandishi ya kosa mara mbili, akaguna. Toleo la tatu lilikuwa linasema haliwezi kulinganisha kitu na pasipo kitu.

Wao wawili walielewa maana yake jioni. Mzee alikuwa amepanga orodha kwa kufuata namba ya baba wa ng'ombe, ili wa baba mmoja wafuatane na wachaguliwe dume mwingine kwa pamoja. Lakini wako ng'ombe ambao baba yao hajulikani. Ni wale walionunuliwa mnadani, waliorithiwa, waliotolewa mahari na mtu asiye na karatasi, wengi wao wa wafugaji wanyonge. Kwao nafasi ya baba iko wazi. Toleo la pili lilipokuta nafasi iliyo wazi halikuuliza, lilihesabu kwamba kisicho na kitu ni kidogo kuliko chochote, likakiweka mwanzo. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa miaka kumi na tisa, ng'ombe wasio na baba walikuwa juu ya orodha, na Muddy na Ezron waliwaendea kwanza. Hakuna aliyeagiza hivyo. Mzee mwenyewe hakuwa amewahi kujua sababu, alidhani ni bahati tu. Toleo la tatu halibahatishi. Linasimama na kutaka mtu aseme kama hao watangulie au wafuate.

Yusra alisema ni marekebisho ya nusu dakika, achague tu. Kawaida ya mafundi wengi, alisema, ni kuweka nafasi zilizo wazi mwisho, maana wenye taarifa kamili ndio waliojitahidi. Mzee alisogeza mkono hadi kwenye vibonyezo, akaurudisha. Akasema tujaribu hivyo siku moja tuone. Kesho yake, kabla ya mtu yeyote kufika, alikishusha kile cheti ukutani na kukiweka kwenye droo, uso chini. Hellen alimuuliza kulikoni. Alijibu kwamba kuna mtu amesifiwa kwa kazi ya mashine na anaona haya.

Jumatano, Safari akiwa bado amelala, Mzee aliipanga orodha ya Isongole kwa mkono kwa mpango mpya, wenye baba juu, wasio na baba chini. Mzee alijifunga koti la mvua, akavaa kofia ya mkewe ya pikipiki kwa sababu yake haikuonekana, akapanda nyuma ya Ezron kwenda kushuhudia. Kofia hiyo ni ya rangi ya waridi. Kijiji cha kwanza walimpigia makofi. Nyumba za juu kwenye orodha zilikwenda vizuri, chai kila mahali, ng'ombe tayari. Majina yalikuwa kumi na moja. La mwisho lilikuwa la Bibi Subilaga, mjane mwenye ng'ombe mmoja, aliyemrithi kwa dada yake wa Kiwira. Ng'ombe huyo alikuja kwa miguu na kamba shingoni, bila karatasi yoyote. Alikuwa ameingia kwenye joto tangu jana yake jioni. Walimfikia saa kumi na moja jioni, joto limeshakwisha.

Bibi Subilaga alikuwa barabarani tangu asubuhi, mwavuli mkononi. Hakugomba. Aliwaambia ndaga fijo kwa kuja kwenye mvua hiyo, akawapa viazi vya kuchemsha, akasema, "Mwaka ule mlinifikia hata maziwa ya asubuhi hayajapoa. Nikadhani leo mmepita njia nyingine." Mzee alikula kiazi kimoja, akamwambia watu wa kituo watarudi baada ya wiki tatu, akapanda pikipiki.

Kikao cha Ijumaa ndicho wafanyakazi wote watakachokikumbuka. Zilikuwa zimebaki saa chache za kazi kabla ya siku ya leo, na Safari alikuwa bado amelala. Mzee alisimama na kukiri mbele ya wote kwamba ule utaratibu uliosifiwa haukuwa wake, haukuwa wa Umoja, ulikuwa tabia ya toleo la pili la lugha, na lugha hiyo imekwisha. Angeweza kunyamaza. Yusra peke yake ndiye aliyejua, na Yusra hasemi. Muddy aliuliza kwa sauti ndogo kama miaka yote hiyo tulikuwa tunaongozwa na kosa. Mzee akajibu ndiyo, na kwamba sasa kosa limesahihishwa na ndiyo maana ana wasiwasi.

Ezron alikuwa upande wa wenye kumbukumbu. Alisema watu wamehangaika kuhifadhi karatasi za ng'ombe kwenye mifuko ya nailoni, kwenye Biblia, kwenye mabati, leo waambiwe wasubiri asiyejua hata ng'ombe wake katoka wapi? Bi. Elina aliona ana haki. Sote tuliona ana haki, tatizo ni kwamba tulikuwa tumesikia pia habari ya Bibi Subilaga.

Hapo Mzee akatoa karatasi moja. Alikuwa amekesha usiku wa Alhamisi akipekua kifurushi cha Mkwe na kumbukumbu zote za zamani. Mwaka 2006, kati ya ng'ombe watano, wanne hawakuwa na baba anayejulikana. Leo ni mmoja kati ya saba. Alieleza polepole, kama anavyoeleza desimali. Ng'ombe asiyejulikana baba akipandishwa na sisi, ndama wake anazaliwa na baba tayari, ameandikwa. Nyumba hiyo haikai juu ya orodha milele, inakaa kizazi kimoja, kisha inashuka na kukaa na wengine. Kitabu cha ukoo tunachojivunia, ambacho tumehangaika miezi sita kukiokoa, kilijazwa na wale waliotangulizwa. Tukiwaweka mwisho, wataendelea kukosa, wataazima dume wa jirani, na nafasi zilizo wazi zitaongezeka mpaka Mkwe asiwe na wa kumlinda.

Ezron aliisoma ile karatasi mstari kwa mstari. Kisha akasema kama ni hivyo, basi hata mama yake aliwahi kutangulizwa mwaka 2010, na yeye alidhani ni kwa sababu anapika vizuri. Bi. Elina akauliza nani anapinga. Hakupinga mtu.

Mzee alikwenda kwenye kompyuta, Yusra akasimama nyuma yake, na sisi wengine tukasimama nyuma ya Yusra. Ilichukua nusu dakika, kama alivyosema. Safari aliamka, akachapa orodha bila kosa. Mzee akarudi kwenye droo, akakitoa kile cheti, akakitundika tena, akasema kuanzia sasa anaweza kukitazama. Ukitaka kujua kama alilia, muulize Muddy. Hellen alikuwa anashughulika na simu.

Juu ya ule mstari mpya Mzee aliacha maelezo, yale maandishi ambayo kompyuta huyaruka na watu huyasoma. Yusra ameapa hayatafutwa hata lije toleo la kumi. Yanasema: "Ng'ombe asiyejulikana baba atangulie. Kwa miaka kumi na tisa ilikuwa bahati. Kuanzia leo tumeamua wenyewe."

Asubuhi hii, siku yake ya mwisho, orodha imetoka saa moja kasoro robo, kwa toleo la tatu, vifurushi vyote kumi na saba vikiwa kazini na ng'ombe wote elfu kumi na moja na mia nne na sitini wakiwa na mama zao. Programu ya Dar es Salaam na ng'ombe wake anayecheka tumeirudisha kwa barua ya heshima. Kompyuta ya zamani imezimwa na Mzee mwenyewe, kwa utaratibu.

Mzee wetu, Umoja unakushukuru, na Hellen anakushukuru zaidi ya Umoja, kwa sababu meza iliyotazamana naye kesho itakuwa tupu na hajui atamnunia nani. Umetufundisha kazi na umetufundisha kukiri. Rudi Isongole upumzike, ulale mpaka jua litoke, mkeo arudishiwe kofia yake, na maziwa yasikaukie kwako. Na ng'ombe wako akiingia kwenye joto, piga simu alfajiri kama watu wengine, usidhani tutakupendelea. Wote wanne wana baba, babu na baba wa babu, umewaandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Utafikiwa wa mwisho, Mzee, na ukingojea pale barabarani ujue kwamba kila kitu kinakwenda kama ulivyokiacha.